Uzi Mwekundu wa Besiboli: Siri ya Mpira Unaopinda

Mtu anayeanza kufuatilia MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, kwa kawaida humkodolea macho mpigaji na gongo lake. Mimi humshauri autazame uzi mwekundu wa mpira. Mrushaji anapoficha mkono ndani ya glovu kabla ya kurusha, anapapasa mshono. Akiukosea, hata awe na bega la chuma, mpira utamsaliti.

Tuupasue kwanza. Katikati kuna kidonge cha gome lile la kutengenezea vizibo vya chupa, kimefunikwa kwa tabaka mbili za raba. Juu yake huzungushwa yadi 121 za uzi mnene wa sufu wa kijivu, yadi 45 za sufu nyeupe, yadi 53 za kijivu tena, kisha yadi 150 za uzi mwembamba wa kumalizia. Zote pamoja zinakaribia mita 337. Halafu huvishwa vipande viwili vya ngozi nyeupe, kila kimoja kikiwa na umbo la namba nane. Zamani ilikuwa ngozi ya farasi. Tangu 1974 imeruhusiwa ya ng'ombe.

Kushona kunafanyika kwa mkono, katika kiwanda cha Rawlings mjini Turrialba, Costa Rica. Mshonaji hushika sindano mbili na uzi uliopakwa nta wenye urefu wa sentimita 224 hivi, akakamilisha vishono 108. Mpira ukishakwisha unatakiwa uwe na uzito wa gramu 142 hadi 149, na mzunguko wa sentimita 22.9 hadi 23.5. Vipimo hivyo ni vikali, ila mkono wa binadamu si mashine: mshono mmoja hutoka umeinuka kidogo, mwingine umelala. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko unene wa karatasi, lakini hewa inaihisi.

Ushahidi wake ni msimu wa 2019, ulioweka rekodi ya mapigo 6,776 ya kuvuka uzio. Wanasayansi walioitwa na ligi kuchunguza waligundua kwamba sehemu kubwa ya ongezeko ilitokana na hewa kuukaba mpira kwa nguvu ndogo kuliko awali, na moja ya sababu ilikuwa mishono iliyolala kuliko ya mwaka uliotangulia. Mpira uliopaswa kudakwa karibu na ukuta ukawa unatua jukwaani. Warushaji waliolalamika hawakuwa wanatafuta visingizio.

Mpira mpya pia unateleza. Ndiyo maana kabla ya mechi kila mpira hupakwa tope, na hapa sitanii. Tope hilo huchotwa kwenye kijito kinachomwaga maji yake katika mto Delaware, upande wa New Jersey, na mahali penyewe ni siri ya biashara. Lena Blackburne, mchezaji wa zamani aliyegeuka kocha, ndiye aliyelileta mwaka 1938. Hupakwa kidogo tu pamoja na maji, na mpira husuguliwa kwa viganja angalau nusu dakika, mpaka weupe wa kung'aa utoke bila ngozi kukwaruzwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walilipima mwaka 2024: linasambaa laini kama losheni, lakini chembechembe chache za mchanga zilizomo huiachia ngozi ukwaruzo unaoshika vidole. Likizidi, mpira unakuwa mweusi na mpigaji hauoni vizuri. Likipungua, mpira unachomoka mkononi na kuelekea kichwa cha mtu.

Sasa vidole. Kutoka kibao cha mrushaji hadi kituo cha mpigaji ni mita 18.44, na mrusho wa kilomita 150 kwa saa unafika kwa sekunde 0.4 hivi. Mpigaji hana muda wa kutafakari. Anachosoma ni mzunguko wa uzi mwekundu.

Mrusho wa msingi ni wa mishono minne. Kidole cha shahada na cha kati hulala kukatisha mshono pale unapopinda kama kwato ya farasi, na gumba hukaa chini. Mpira ukiachiwa, ncha za vidole huuvuta kwa nyuma, nao huzunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika, huku mishono minne ikikata hewa kila mzunguko. Hewa huusukuma kwenda juu. Haupandi kweli, unashuka kidogo kuliko jicho linavyotarajia, kwa hiyo gongo hupita chini yake. Kosa la kawaida ni mkono kuteleza pembeni ya mpira badala ya kubaki nyuma yake: msukumo wa juu unapotea na mpira unafika umenyooka, mtamu kwa mpigaji.

Sogeza vidole vilevile kidogo tu kuelekea ukingo wa nje wa mpira, na unapata mrusho unaokata pembeni mwishoni kabisa. Mariano Rivera wa New York Yankees, mzaliwa wa Panama, aliishi kwa mrusho huo. Wapigaji walijua kinachokuja, na bado magongo yao yalivunjika karibu na mpini. Alimalizia mechi 652 akilinda ushindi wa timu yake, na mwaka 2019 akawa wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Mashujaa la besiboli kwa kura za wapigakura wote.

Mrusho wa kupinda unadai kidole cha kati kikandamize kando ya mshono na kuuvuta mbele na chini, ili mpira uzunguke kinyume na ule wa mishono minne. Kidole kikilegea, mzunguko unapungua na mpira unabaki ukielea usawa wa kifua. Mapigo mengi ya kuvuka uzio huanzia hapo.

Ninaoupenda kuliko yote ni ule usiozunguka. Mrushaji huchomeka kucha nyuma ya mshono na kuusukuma mpira bila kuupa mzunguko, taratibu, labda kilomita 120 kwa saa. Njiani mshono unageuka kidogo tu, hewa inaukamata kushoto, mara kulia, na hata mdakaji aliye nyuma ya mpigaji, ambaye huvaa glovu kubwa zaidi kwa ajili yake, hajui utaangukia wapi. R.A. Dickey alishinda tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa msimu, kwa mrusho huo mwaka 2012. Lakini kucha ikikatika, kazi imekwisha siku hiyo: mpira unaanza kuzunguka, na mpira wa polepole unaozunguka ni zawadi kwa mpigaji.

Mashabiki nao wana haki yao katika mpira huu, na haki hiyo ina historia. Tarehe 16 Agosti 1920, katika uwanja wa Polo Grounds jijini New York, Ray Chapman wa Cleveland alipigwa kichwani na mrusho wa Carl Mays, akafariki siku iliyofuata. Enzi hizo mpira mmoja ulitumika mpaka ukawa mweusi kwa vumbi na mate, vigumu kuonekana jioni. Baada ya msiba huo waamuzi wakawa wepesi kuutoa mpira uliochafuka na kuingiza mweupe. Miezi tisa baadaye, tarehe 16 Mei 1921, katika uwanja uleule, shabiki aitwaye Reuben Berman alidaka mpira uliopotea jukwaani, akakataa kuurudisha, akafukuzwa. Alishtaki na kulipwa dola 100. Klabu ziliacha pole pole kuwapokonya watu mipira, na ndiyo sababu leo utaona mzee wa miaka sabini amekuja uwanjani na glovu.

Mpira wa Shohei Ohtani, nyota wa Los Angeles Dodgers, ule wa pigo lake la 50 la kuvuka uzio katika msimu wa 2024, uliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 4.3. Rekodi kubwa ikikaribia, ligi huweka alama za siri kwenye mipira ili ya kughushi itambulike.

Ukibahatika kudaka mmoja, usiuoshe, kwa sababu tope lile ndilo linaloonyesha kwamba umechezewa. Uweke mbali na jua, ambalo huigeuza ngozi kuwa ya manjano, na mbali na joto kavu linaloipasua. Ukipata mchezaji wa kuutia saini, mpe kalamu ya kawaida ya wino wa bluu; kalamu ya wino mzito husambaa ndani ya ngozi. Muelekeze asaini pale mishono miwili inapokaribiana zaidi.