Siku ya sita ya vidonge

"Dakta, hizi dawa zako za sonona ni chaki. Nimemeza siku sita, sioni kitu."

Aliyeniambia hivyo ni dereva wa lori, shavu la kushoto limetuna miraa. Nikampima presha: 150 kwa 96. Sikumlaumu. Amezoea kitu kinachojibu ndani ya nusu saa.

Miraa mbichi ina kathinoni, jamaa wa karibu wa amfetamini, kichangamshi kikali. Huzisukuma seli za neva zimwage dopamini na noradrenalini, kemikali za kupelekeana ujumbe, zilizoziweka akiba. Ndiyo maana mtu anachangamka barazani, anajenga ghorofa kwa mdomo hadi alfajiri. Moyo unaenda mbio, njaa na usingizi vinapotea, choo kinakuwa kigumu. Kesho yake ni uchovu na hasira za bure. Kathinoni yenyewe haikai: majani yakinyauka hugeuka kathini, iliyo dhaifu zaidi. Vibunda hufungwa kwa majani ya mgomba, na magari yanayotoka Maua, kule Meru, hukimbizwa vile, kwa sababu hiyo.

Fluoksetini niliyompa haimwagi chochote. Serotonini, kemikali nyingine ya ujumbe, ikishatolewa, kwa kawaida seli huirudisha ndani. Dawa inaziba mlango huo wa kurudia. Serotonini huongezeka mapema, lakini ubongo huchukua muda kujirekebisha, hivyo nafuu ya sonona huja baada ya wiki mbili hadi nne, pengine sita. Maudhi hayangoji: kichefuchefu, kichwa kuuma, wahka, kukosa usingizi. Hamu ya tendo la ndoa nayo hupungua kwa baadhi ya watu. (Hilo wanaume huniambia wakiwa wameshashika kitasa cha mlango.)

Kwa hiyo siku ya sita alikuwa amepata ubaya wote wa dawa, uzuri bado. Na kwa kuwa anatafuna kila usiku, huo wahka ni wa fluoksetini au wa miraa? Hata mimi siwezi kuutenganisha. Ningempa amitriptilini, dawa nyingine ya sonona, ingekuwa vilevile: nayo hukausha mdomo, hufunga choo na kuharakisha moyo.

Nikamwambia ameze asubuhi baada ya chai, asiache ghafla bila kuniona, na miraa aipumzishe wiki nne.

"Hata Ijumaa, dakta?"

Tulivutana kidogo. Mwishowe nikaandika kwenye faili: Ijumaa, kibunda kimoja, kabla ya alasiri.