Tirthankara si mungu wa Wajaini

Picha za mahekalu ya Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India, kule Ranakpur au Dilwara, jimboni Rajasthan, zikianza kuzunguka mitandaoni, hakosi mtu wa kuandika chini yake: "Huyu ndiye mungu wa Wajaini." Siye. Yule aliyekaa amekunja miguu katikati ya marumaru iliyochongwa kama lesi ni tirthankara: binadamu aliyezaliwa na mama, akaacha mali, akashinda tamaa na hasira zake hadi akapata ujuzi kamili, kisha akafundisha wengine njia. Katika zama hizi wamekuwa 24. Wa kwanza Rishabha, wa mwisho Mahavira, aliyeishi India enzi moja na Buddha.

Neno lenyewe ni la Kisanskriti. Tirtha ni kivuko, na mto unaovukwa ni kuzaliwa, kufa na kuzaliwa tena. Tirthankara ni mwenye kufungua kivuko hicho. Lakini habebi mtu mgongoni. Wala hakuumba chochote. Kwa Wajaini ulimwengu hauna mwanzo wala muumba.

Sasa kama habebi mtu, kwa nini wanamtolea sadaka? Hapo tazama mchele, unaochora njia yenyewe. Muumini huupanga juu ya kibao kidogo: svastika, msalaba wenye mikono iliyokunjwa (ile ya kale, kabla Wanazi hawajaichafua), juu yake vituta vitatu, na juu kabisa hilali. Mikono minne ya svastika ni namna nne za kuzaliwa: kuwa binadamu, kuwa mnyama au mmea, kuwa kiumbe wa motoni, na kuwa mungu. Ndiyo, mungu. Miungu kwao ipo, inastarehe mbinguni, ila siku zake zikiisha inakufa na kuzaliwa upya kama sisi. Vituta ni imani sahihi, ujuzi sahihi na mwenendo sahihi. Hilali ni makao ya roho zilizokwisha kukombolewa, na huko ndiko aliko tirthankara. Kwa hiyo ukimwita mungu hujamtukuza, umemshusha daraja.

Basi ukipata nafasi ya kuingia hekalu lao, hata lile jeupe la Langoni, Mombasa, acha viatu na mkanda wa ngozi nje, na usiulize "huyu ni mungu gani?" Uliza ni tirthankara yupi. Sanamu hufanana mno, kwa hiyo angalia alama kwenye kikalio: fahali ni Rishabha, nyoka ni Parshva, simba ni Mahavira.