Mgogoro wa kikabila ni nini, na huwashwa na nini?

Mgogoro wa kikabila ni uhasama kati ya jamii za nchi moja, ambamo mtu hushambuliwa kwa kabila lake bila kujali alichotenda. Jina tu linatosha kumponza.

Wengi huuita chuki ya tangu enzi za mababu. Maelezo hayo mepesi yanagonga mwamba katika Bonde la Ufa, Kenya. Huko vurugu zilifuata ratiba ya uchaguzi: kuelekea ule wa 1992, baada ya ule wa 1997, kisha 2007. Mwaka 2002, wagombea wakuu wote wawili walipokuwa Wakikuyu, palikuwa shwari. Chuki ya mababu ingengojaje tarehe ya tume ya uchaguzi?

Kiini chake ni ardhi. Wakoloni Waingereza waliwaondoa Wamaasai na Wakalenjin kwenye maeneo yenye rutuba, wakawapa walowezi. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, mengi ya mashamba hayo yaliuzwa badala ya kurudishwa. Familia nyingi za Wakikuyu, ambao nao walipokonywa ardhi kwao, zilinunua kwa mikopo au kwa kuchangishana kupitia kampuni za ardhi. Hivyo mmoja ana hati, mwingine ana makaburi ya mababu, na wote wawili wanaamini wamedhulumiwa.

Kinyongo cha namna hiyo huweza kulala miaka mingi bila mtu kushika panga. Huamshwa na siasa. Chini ya katiba ya zamani rais aligawa vyeo na ardhi ya umma karibu apendavyo, kwa hiyo kila jamii ilitaka "mtu wetu" awe Ikulu. Majukwaani wakazaliwa "wenyeji" na "wageni", na lile neno chafu, "madoadoa", yaani watu wa kufutwa. Matokeo yaliyobishaniwa yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, moto ukawaka. Watu zaidi ya 1,100 walikufa. Zaidi ya thuluthi yao walikufa kwa risasi, nyingi zikiwa za polisi, jambo tunalolisahau tukisema tu kwamba makabila yalipigana.

Katika uchaguzi wa 2013 Uhuru Kenyatta, Mkikuyu, na William Ruto, Mkalenjin, waliungana. Wakikuyu na Wakalenjin wengi wakapiga kura upande mmoja, Bonde la Ufa likatulia. Hati zilikuwa zile zile, na makaburi yalikuwa pale pale.