Ulimi wa kona: kinachoshika pembe za kisanduku cha mbao

Ulimi wa kona ni kipande chembamba cha mbao kinachopachikwa kukatiza kona ya kisanduku, ndani ya mfuo uliochongwa kwa msumeno, kikapakwa gundi na kusawazishwa na uso wa nje. Kikishakamilika huonekana kama mstari mfupi wa rangi tofauti unaokunja kona. Kwa kuwa unapendeza, wengi huuchukulia kuwa pambo tu. Ukweli ni kwamba kisanduku chenye kona za mshazari kikikosa ndimi hubaki kinategemea utando wa gundi peke yake.

Kona ya mshazari ni ile ambayo ncha ya kila ubavu imekatwa kwa digrii 45, mbao mbili zikikutana zinafanya digrii 90. Hakuna ncha ya mbao inayoonekana, na mchoro wa nyuzi unapita kutoka ubavu mmoja hadi mwingine bila kukatika. Ila nyuzi zenyewe zimekatwa pale pale kwenye mshono. Ncha zake ni midomo ya mirija myembamba inayofyonza gundi, na hakuna hata uzi mmoja unaotoka mbao hii kuingia ile. Kisanduku kikianguka kwa kona, mshono hupasuka ukiwa mzima toka juu hadi chini.

Ulimi huleta nyuzi zinazouvuka mshono huo. Nyuso zake mbili bapa hushikana na kuta za mfuo upande kwa upande, mahali ambapo gundi hushika vizuri kuliko kwenye ncha. Chukua ubavu wenye unene wa milimita 10. Kutoka pembe ya nje hadi pembe ya ndani ya kona ni takriban milimita 14. Mfuo wenye kina cha milimita 10 kutoka pembeni huacha milimita 4 kabla ya kutoboka ndani, na ulimi unakuwa pembetatu yenye kitako cha milimita 20. Ndimi nne katika kona moja huupa kila ubavu milimita za mraba 400 za kushikana na gundi. Kwa kisanduku cha urefu wa kiganja hizo zinatosha kabisa.

Hapo ndipo mwelekeo wa nyuzi za ulimi wenyewe unapoamua kila kitu. Nyuzi lazima ziende sambamba na kitako cha pembetatu, yaani zitoke ubavu mmoja ziingie mwingine. Ukizigeuza zikafuata mshono, ulimi utavunjika kwa vidole, na kona itafunguka kama vile haukuwepo. Upo pia ulimi wa kujificha, utepe mrefu unaozama ndani ya mshono kabla kona hazijaunganishwa. Kanuni ni ile ile, na kosa lake ni la kawaida zaidi, kwa sababu utepe mrefu uliopasuliwa kufuata nyuzi ndio rahisi kuupata, nao ndio usiofaa. Kwa ulimi wa kujificha tumia plaiwudi nyembamba, au kata vipande vifupi kukatiza ubao.

Kazi nzuri ya ndimi huanzia kwenye mshazari wenyewe. Kisanduku kina mikato minane ya digrii 45. Kila mmoja ukikosea kwa nusu digrii upande ule ule, jumla ni digrii 4, na zote hujitokeza kwenye kona ya mwisho ikiwa wazi. Kata kipande cha majaribio, kiunganishe, pima kwa skwea, kifaa cha kupimia pembe ya digrii 90. Mbavu zinazotazamana zilingane urefu kabisa: funga kizuizi kwenye mashine na ukate zote mbili dhidi yake, usipime kila moja kwa futi. Zitoe kwenye ubao mmoja kwa mpangilio wa ndefu, fupi, ndefu, fupi, ili mchoro uzunguke. Kona tatu zitaoana na ya nne haitaoana; iweke nyuma.

Wakati wa kuunganisha, panga mbavu nne kwenye mstari, uso wa nje juu, ncha zikigusana, ubandike tepu kwenye kila mshono. Geuza zote kwa pamoja. Paka ncha gundi nyeupe kidogo, subiri dakika chache inywewe, kisha paka tena. Weka kitako na kifuniko cha plaiwudi ya milimita 3 kwenye mifuo yake iliyochongwa upande wa ndani wa mbavu, kunja mbavu kuvizunguka, bandika tepu kona ya mwisho. Pima milalo yote miwili, kona hadi kona inayoikabili. Ikitofautiana, bana kidogo ule mrefu. Kiache mpaka kesho yake. Kona ambayo gundi haijakomaa hufunguka msumeno unapoigusa, na hapo hakuna tiba ila kubomoa.

Mifuo ya ndimi hukatwa kisanduku kikiwa kimefungwa pande zote sita. Kinalazwa kwenye jigi, yaani kishikio cha kuongozea kazi, ya umbo la V, mbao mbili zilizopigwa kwa digrii 45 kila upande, inayoteleza juu ya msumeno wa meza ikifuata ukingo wa mashine. Kona inatazama chini. Hakikisha misumari na skurubu za jigi ziko mbali na njia ya msumeno. Tumia msumeno wenye meno bapa juu. Ule wenye meno ya kuchongoka kwa kupishana huacha sakafu ya mfuo yenye vifereji viwili pembeni, na ulimi ukishasawazishwa matundu madogo huonekana mwishoni mwa kila mstari. Ni dosari ndogo, lakini jicho huiona kila mara.

Nafasi za ndimi zipangwe kwenye karatasi kwanza, kwa kuwa kifuniko kitatenganishwa baadaye kwa kukata kisanduku kilichofungwa. Kisanduku chenye kimo cha milimita 70 kinaweza kuwa na ndimi kwenye 14, 26, 38 na 58 kutoka chini, na mkato wa kifuniko kati ya 50 na 53. Plaiwudi ikikaa milimita 5 kutoka kila ukingo, hakuna ulimi unaoigusa. Ulimi ukiangukia kwenye njia ya kukata kifuniko, nusu yake inapotea na iliyobaki haina nguvu.

Ndimi zenyewe hutoka kwenye utepe wa unene sawa na mkato, mara nyingi milimita 3 na kidogo, upana 15, uliopasuliwa kufuata nyuzi kisha ukakatwa vipande vya milimita 30. Kisanduku hiki kinahitaji 16. Punguza unene kwa randa huku ukijaribu kwenye mfuo wa kipande cha mabaki. Ulimi uingie kwa kusukumwa na kidole, bila nyundo, na usidondoke ukiugeuza. Ukikaza mno, maji ya gundi huuvimbisha nusu ya njia na haufiki chini. Hilo utalijua tu baada ya kusawazisha, utakapoona pengo. Ukilegea, gundi haijazi nafasi hiyo kwa nguvu yoyote ya maana. Mbao zenye mafuta, kama mtiki, zifutwe kwa spiriti kabla ya gundi.

Gundi ikikauka, kata mabaki kwa msumeno mwembamba usio na meno yaliyopanuliwa pembeni, ukiacha nusu milimita. Kinachofuata ni patasi kali au randa ndogo, na mwendo ni kutoka kona kuelekea katikati ya ubavu. Angalia nyuzi za ulimi: zinatoka ndani ya mbao zikilalia mbali na kona, kwa hiyo ukisukuma toka kona unazifuata. Ukija kinyume, chuma huzamia chini yake na kung'oa kipande kwenye ncha, pale pale panapoonekana zaidi.

Kwa rangi, ulimi mweusi kwenye mbao nyeupe huvutia, lakini vumbi lake la msasa huingia kwenye vinyweleo vya mbao nyeupe na kuitia uchafu usiotoka. Kwarua kwa bapa la chuma badala ya msasa, au puliza vumbi litoke mara kwa mara na umalize kwa msasa namba 220 ukifuata nyuzi za ubavu.

Asiye na msumeno wa meza anaweza kutumia wa mkono. Mkato wake ni mwembamba, milimita moja au pungufu, na ndimi ni vipande vya veneri, yaani tabaka jembamba la mbao. Hapo mikato ichongwe kwa kuinama, mmoja kulia, mmoja kushoto, ili kona isiweze kuvutwa upande wowote ikateleza.