Je, wajua kwa nini Wamasai walikuwa hawachungi Njoro, karibu na Nakuru, Kenya?

Lord Delamere alikuwa bwanyenye wa Uingereza, aliingia Kenya mara ya kwanza 1897 akitokea Somalia na ngamia, nchi ikamuingia moyoni akarudi kuishi. 1903 serikali ya kikoloni ikamkatia ekari 100,000 pale Njoro, lizi (kukodi) ya miaka 99 kwa pauni 200 kwa mwaka, yaani bure kabisa. Nyasi ndefu, kijani, hakuna mtu. Sasa hapo ndo angejiuliza, Wamasai na ng'ombe wao wote wale mbona hapa hawapo?

Hakujiuliza. Kaleta kondoo toka New Zealand, wakafa, kaleta ng'ombe nao wakakonda huku nyasi zinawagusa tumbo. Wamasai walishajua kitambo kwamba hapo mifugo haikai, wataalamu walikuja kugundua baadaye sana kuwa udongo wa huko hauna madini ya kobalti ya kutosha. Iko hivi, tumboni mwa ng'ombe kuna vijidudu vinavyotengeneza vitamini B12, na bila kobalti haviwezi, basi mnyama anaishiwa damu, anagoma kula, anakufa njaa akiwa kwenye chakula, na ugonjwa wenyewe ukapewa jina la Nakuru kabisa. Hapo bado ndigana, ile homa ya kupe, na homa ya mapafu.

Akageukia ngano, ikapigwa na ugonjwa wa kutu. Akaajiri mtaalamu wa kutafuta mbegu inayovumilia, na 1908 akawa kati ya walioanzisha kampuni ya Unga Limited, ndio hao hao wa unga. Mifugo ilimkubali alipohamia Soysambu, kule Elementaita.

Na siasa je? Mi naona mfugaji aliyefilisika hivyo lazima aikabe serikali. 1907 akaingia baraza la kutunga sheria, mwaka uliofuata akasimamishwa baada ya masetla, yaani walowezi wa kizungu, kumvamia gavana nyumbani kwake wakidai vibarua. Msimamo wake haukujificha, nyanda za juu ziwe za wazungu. Cha ajabu Kimasai alikiongea na wachungaji wake walikuwa Wamasai, watu wale wale waliohamishwa kwa mikataba ya 1904 na 1911 kupisha masetla.

Alifariki 1931, akazikwa Soysambu. Sanamu lake lilisimama katikati ya Nairobi, Delamere Avenue, uhuru ulipokuja likang'olewa na barabara ikawa Kenyatta Avenue. Lenyewe likarudishwa Soysambu, kwa ng'ombe.