Mafuta ya harufu kwa wenye wasiwasi: nusa, usinywe

Haya ni mafuta gani?
Ni mafuta makali yanayotolewa kwenye maua, majani au maganda ya mimea kama lavenda, mkaratusi na limau. Ndiyo maana huuzwa kwenye vichupa vidogo.

Yanatuliza wasiwasi kweli?
Kwa baadhi ya watu, kidogo na kwa muda. Kuna tafiti, nyingi zikiwa ndogo, zilizoona kunusa lavenda kukipunguza hofu ya wanaosubiri kutibiwa meno au kufanyiwa upasuaji. Tone moja kwenye kitambaa latosha. Mwenye pumu akae mbali nayo, harufu kali inaweza kumbana kifua.

Nikitia matone mawili kwenye chai?
Usinywe. Mafuta hayachanganyiki na maji. Lile tone linaelea juu ya kikombe na kufika kooni likiwa kali vilevile.

Lakini ni ya asili!
Hili nalisikia karibu kila siku, na kusema kweli limenichosha. Asili ina sumu zake. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mkaratusi kinaweza kumletea mtoto mdogo degedege na kumpotezea fahamu. Usinywe, wala usimnyweshe mtu.

Mbona kuna vidonge vya lavenda vya kumeza?
Vipo. Ujerumani, kwa mfano, vinauzwa kama dawa ya wasiwasi, kila kimoja miligramu 80 zilizopimwa. Kichupa chako cha kunusa si dawa hiyo. Jibu ni lilelile: usinywe.

Mtoto ameshakunywa, nifanyeje?
Usimtapishe! Mafuta yakirudi juu yanaweza kuingia mapafuni, na hapo shida inakuwa mbili. Maziwa hayaondoi sumu hii. Mpeleke hospitali sasa hivi, na kichupa ukibebe. Wengi hungoja kwa kuwa “anacheza tu”, kisha wanamleta amelegea, mdomo bado unanukia. Usingoje akohoe. Usingoje asinzie.

Kupaka je?
Yachanganye kwanza na mafuta ya kawaida ya kupaka: matone 6 kwa vijiko viwili vya chakula. Ya limau usiyapake kisha ukatoka juani, ngozi inaweza kuungua.

Nanusa kila usiku, lakini moyo bado unaenda mbio na usingizi sipati.
Basi harufu haikutoshi. Wasiwasi unaokunyima usingizi au kukuzuia kwenda kazini unatibika, kwa ushauri nasaha, kwa dawa, au vyote viwili. Mwone daktari wiki hii, usisubiri kichupa kiishe.

Naweza kuacha dawa nilizoandikiwa nibaki na mafuta?
Hapana. Dawa kama diazepam, ukiwa umeizoea kisha ukaikata ghafla, inaweza kukuletea degedege. Ukitaka kuipunguza, mwambie aliyekuandikia, muipunguze pamoja, polepole.