Kidole cha siku ya tatu

Binti alinishika kwenye korido saa mbili na nusu asubuhi, sijavaa hata koti. "Shikamoo dokta. Samahani. Mama atatembea?"

Mama yake ana miaka 62, anauza mchele na maharage sokoni (nimebadilisha mambo mawili matatu asijulikane). Jana yake alfajiri aliamka ili aswali, mkono wa kushoto ukakataa kunyanyuka, mguu ukamwisha nguvu, akaanguka kando ya kitanda. Walianza na zahanati ya jirani. Presha ilikuwa 200 kwa 110, wakapewa vidonge, wakaambiwa wasubiri. Walipofika kwetu ilikuwa jioni. Picha ya CT ilionyesha hakuna damu iliyovuja. Kilikuwa kiharusi cha mshipa ulioziba, upande wa kulia wa ubongo.

"Marahaba," nikamjibu. "Nipe siku tatu nikujibu vizuri." Akanitazama kama mtu aliyeuliza bei akaambiwa arudi kesho.

Swali hilo naulizwa karibu kila siku, na korido haina nafasi ya jibu lake lote. Ndiyo maana naliandika hapa.

Tuanze na neno lenyewe, kupona. Sisi tunaotibu kiharusi tuna ngazi tunazotumia, zilizoanza na Dk. John Rankin wa Glasgow mwaka 1957, wengine wakaziongeza baadaye. Ziko kuanzia 0 hadi 6. Sifuri hana dalili yoyote. Moja ana dalili lakini shughuli zake zote anafanya. Mbili kuna alivyoacha kufanya, ila anajitegemea. Tatu anatembea mwenyewe lakini anahitaji mtu wa kumsaidia katika baadhi ya mambo. Nne hatembei bila kushikwa. Tano yuko kitandani, anageuzwa na kulishwa. Sita amefariki. Kwa kawaida tunampa mgonjwa ngazi yake siku ya 90, na majaribio mengi ya dawa huchora mstari kati ya 2 na 3: aliye 2 kurudi chini amehesabiwa amefanikiwa, aliye 3 na kuendelea hakufanikiwa. Kumbukeni mstari huo.

Siku ya kwanza nina nini mkononi? Nina umri, nina sukari ya damu, nina picha ya CT, najua alikuwaje kabla ya kuugua (aliyekuwa tayari anatembelea mkongojo hatarajiwi kuutupa), na nina kipimo cha NIHSS. Hiki cha mwisho ni uchunguzi wa dakika chache pale kitandani: unamuuliza mwezi gani huu, unamwambia fumba macho, nyanyua mkono, tabasamu, soma hapa, unagusa kulia unagusa kushoto. Kila kasoro ina alama zake, na jumla yake ni kati ya 0 na 42. Alama zikiwa nyingi, hali ni mbaya. Mama wa mchele alipata 11.

Ni kipimo kizuri na nakitumia kila siku. Ila kina upendeleo ambao ndugu wa mgonjwa hawaujui, na madaktari wachanga huusahau. Katika zile 42, alama 7 zinategemea lugha: kujibu maswali, kufuata maagizo, kutaja vitu. Kwa watu wengi lugha iko upande wa kushoto wa ubongo. Aliyeumia upande wa kulia anaongea vizuri, anakuchekesha hata, na tatizo lake la kutouona wala kuujali upande wa kushoto wa dunia linapewa alama 2 tu. Kwa hiyo wagonjwa wawili walioumia sawasawa, mmoja kushoto mmoja kulia, hawatapata namba moja.

Kisogoni huko ndiko kubaya zaidi. Miaka kadhaa nyuma nilimpokea fundi cherehani mmoja aliyekuwa akitapika na kuona dunia inazunguka. Mikono ina nguvu, miguu ina nguvu, maneno yananyooka. NIHSS ilikuwa 3. Nikamwambia kaka yake, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba ndani ya wiki atakuwa mashineni kwake. Sikujaribu kumketisha. Ningemketisha ningeona anaanguka upande mmoja kama gunia lisilojaa, kwa sababu kilichoziba ni mshipa wa ubongo mdogo wa kisogoni, unaoshika mizani ya mwili, na mizani haina safu yake kwenye fomu ile. Sehemu hiyo ikivimba haina pa kwenda, imebanwa na mfupa. Siku ya tatu usingizi ulimzidi, usiku akapelekwa chumba cha upasuaji. Yu hai, anatembelea fimbo. Kaka yake alinikumbusha kwa upole, "Dokta, ulisema wiki moja."

Halafu kuna matibabu, nayo hubadilisha hesabu yote, lakini si kwa namna watu wanavyodhani. Mwaka 1995 Wamarekani walitangaza matokeo ya dawa ya kuyeyusha bonge la damu, ikichomwa ndani ya saa tatu tangu dalili zianze. Miezi mitatu baadaye, kati ya kila wagonjwa 100 waliochomwa, 39 walikuwa ngazi ya 0 au 1. Katika waliochomwa maji matupu, 26. Isomeni taratibu: 26 wangefika hapo hata bila dawa, 13 wamefika kwa sababu ya dawa, na 61 wamechomwa na bado hawakufika. Upande wa pili wa shilingi, 6 hivi kati ya 100 walivuja damu ubongoni kiasi cha kuwazidishia ugonjwa, ilhali wasiochomwa hawakufika hata mmoja. Hata hivyo vifo havikuongezeka, na mimi ningeichukua dawa hiyo leo hii. Baadaye saa tatu zikasogezwa hadi nne na nusu. Ikaja njia ya kupitisha mrija mwembamba kutoka kwenye paja mpaka ubongoni na kulitoa bonge lenyewe. Katika jaribio la Uholanzi lililochapishwa kuelekea 2015, waliofika ngazi ya 2 kurudi chini walikuwa 33 kati ya 100, dhidi ya 19 kwa wasiopitishiwa mrija.

Ukishamtibu mgonjwa, namba ya alipoingia inachakaa. Ya kuangalia ni NIHSS ya kesho yake. Aliyeingia na 16 akaamka na 5 ni mtu mwingine kabisa. Aliyeingia na 16 akaamka na 16, mshipa haukufunguka, au ulifunguka wakati ubongo umeshakufa.

Wengi wetu huku tunasoma namba hizi kama mtu anayetazama harusi dirishani. Mama wa mchele alifika baada ya saa kumi na tatu. Na hata fomula zenyewe za kutabiri hazikutengenezwa kwa watu wetu. Utafiti uliofanywa Tanzania kati ya 2003 na 2006 ulikuta kwa mwaka wagonjwa wapya wa kiharusi kama 316 kwa kila watu 100,000 Dar es Salaam, na 109 wilayani Hai, baada ya kusawazisha umri. Wagonjwa tunao tele, ila wanaopigiwa hesabu ni wa kwingine.

Hili linaniuma zaidi kwenye kiharusi cha kuvuja damu. Kuna alama mashuhuri kwa hao, zilizotokana na wagonjwa 152 wa San Francisco na kuchapishwa 2001. Unahesabu kiwango cha fahamu, ukubwa wa damu iliyovuja (mililita 30 ndio mpaka), kama imeingia kwenye vyumba vya maji vya ubongo, kama iko chini kwenye shina au kisogo, na kama mgonjwa amefikisha miaka 80. Katika kundi lile, waliopata 3 walifariki 72 kati ya 100 ndani ya siku 30, waliopata 4 wakafariki 97.

Sasa tazama inavyokuwa kwenye raundi. Daktari kijana anasoma faili: "Kitanda cha saba, alama nne." Hasemi zaidi. Hakuna aliyetamka kwamba huyu aachwe. Lakini miguu ya raundi yote inahamia kitanda cha nane. Kipimo cha sukari cha saa sita kinasahaulika, homa inapewa panado bila kutafutwa chanzo, presha inaachwa palepale, kugeuzwa kila saa mbili kunakuwa kila nesi akipata nafasi. Ndugu wanaambiwa "tumwachie Mungu", wanaanza kuulizia gari la kumrudisha kijijini. Siku ya tano anafariki, na alama nne inaonekana ilisema kweli.

Hilo si la kwetu peke yetu. Mwaka huohuo wa 2001 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kuondoa mashine na huduma mapema ndiko kulikowaua wengi wa wagonjwa hawa, kwa hiyo takwimu za vifo zilikuwa zimebeba ndani yake uamuzi wa madaktari. Utabiri ulijitimiza wenyewe. Mwongozo wa Marekani wa 2015 ukashauri kwamba uamuzi mpya wa kutomfufua mgonjwa moyo ukisimama usifanywe kabla ya siku kamili ya pili wodini. Mimi nimejiwekea sheria ndogo: alama hizo nazihesabu, naziandika, lakini hazitamkwi kitandani saa 48 za mwanzo. Na wala mgonjwa asiyeitikia si kwamba hasikii.

Nirudi kwa binti na zile siku tatu nilizomwomba.

Sikuziomba kwa kumkwepa. Waholanzi waliwafuatilia wagonjwa wa mshipa kuziba kwa miezi sita wakitafuta ishara za mapema, na walizozikuta hazihitaji mashine. Kwa mkono, ishara ni mbili: vidole vya upande ulioumia vinanyooka kwa hiari, hata kidogo, na bega linausogeza mkono kutoka ubavuni. Aliyekuwa na yote mawili siku ya pili, uwezekano wa kupata tena matumizi fulani ya mkono ulikuwa asilimia 98. Asiyekuwa nayo, 25. Kwa kutembea ishara ni hizi: anakaa kitako bila kuegemea kwa sekunde 30, na mguu ulioumia unaonyesha nguvu kiasi ndani ya saa 72. Aliye nazo, asilimia 98 atatembea mwenyewe miezi sita baadaye. Asiye nazo, 27, na akifika siku ya tisa bado hana, inashuka hadi 10 hivi. Hizo 27 na 10 si sifuri, na ni watu, lakini kwao namwambia ndugu mapema atafute kiti cha magurudumu na ajifunze kumwinua mgonjwa bila kuvunja mgongo wake mwenyewe.

Kwa nini kidole? Kushika ngumi ni rahisi, hata ubongo ulioumia sana unaweza kukunja. Kunyoosha kunahitaji njia ya neva inayoshuka moja kwa moja kutoka juu ya ubongo hadi kwenye uti wa mgongo. Kidole kikinyooka, njia ile haijakatika yote.

Siku ya tatu nikaweka mkono wa mama juu ya mto, kiganja chini. "Mama, nyanyua vidole." Kimya. Akaufuta uso kwa mkono wa kulia. "Jaribu tena, taratibu." Cha shahada na cha kati vikanyanyuka, kiasi cha unene wa sarafu, vikarudi. Bega likapanda kama la mtu anayesema sijui. Tukamketisha ukingoni mwa kitanda, nesi mbele yake, mimi nahesabu kwa sauti. Kwenye kumi na nane akaanza kulala kushoto, akajirudisha, akamaliza thelathini.

Nikamwita binti. Nikamwambia kutembea nina matumaini makubwa, mkono utafanya kazi ila sijui kazi gani, na asimpe uji akiwa amelala. Hilo la uji nalisema kwa kila mtu: nimeshawaona wenye namba nzuri wakifa kwa nimonia iliyotokana na kijiko cha ndugu mwenye upendo. Akauliza, "Na sokoni?" Nikanyamaza, kwa sababu hakuna alama ya soko.

Siku ya 90 nilimpigia simu. Anatembea? Anatembea, mpaka kwa jirani. Chooni? Mwenyewe. Kanga anajifunga, binti anamkazia fundo. Dawa za presha anakunywa, wamemwekea kengele ya simu. Nikauliza anafanya nini mchana.

"Anachambua mchele, dokta. Ila kuna kitu, sijui ni macho." Akacheka kidogo. "Ungo wote anaupitia, mawe anatoa, lakini upande wa kushoto mawe yanabaki vilevile. Namgeuzia ungo, anayaona. Na wateja walimlipa juzi, noti zilizokuwa kushoto kwake akaziacha mezani. Kwa hiyo sokoni tunakwenda wote."

Si macho. Ni zile alama 2.

Nikamweleza namna ya kumkalia upande wa kushoto na kumwita kutokea huko, na nikamwandikia arudi kliniki. Kabla ya kukata simu akasema, "Lakini amepona, dokta. Tunamshukuru Mungu, mama amepona."

Kwenye fomu nikaandika 3.